Kompyuta Maelfu Zinavyogawana Kazi ya Kutabiri Kimbunga

Oktoba 22, 2012, Sandy ilikuwa bado dhoruba changa kusini mwa Jamaika. Vimbunga vingi vinavyopanda kaskazini kutoka Karibi hupinda mashariki na kufia katikati ya Atlantiki, na modeli kuu ya Marekani ilionyesha kwamba Sandy nayo ingeelekea baharini. Kituo cha utabiri cha Ulaya, ECMWF, chenye makao yake Reading, Uingereza, kilisema vingine: ingepinda kushoto na kuipiga pwani ya Marekani. Usiku wa Oktoba 29 Sandy iliingia New Jersey, karibu na Atlantic City.

Utabiri wa namna hiyo hautoki kwenye kompyuta moja yenye akili kuliko nyingine. Ni kazi iliyokatwa vipande na kugawiwa kwa wengi, na wazo lenyewe lina zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1922, mwanahisabati Mwingereza Lewis Fry Richardson alichapisha kitabu ambamo aliwaza ukumbi mkubwa wa duara wenye watu 64,000, kila mmoja akikokotoa hali ya hewa ya sehemu yake ya dunia. Katikati angesimama msimamizi, akiwamulika kwa taa ya waridi waliotangulia mno na kwa taa ya buluu waliobaki nyuma. Richardson alijua uzito wa kazi hiyo. Akiwa dereva wa gari la wagonjwa huko Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alikuwa amejaribu kwa mkono kutabiri hali ya hewa ya saa 6 tu. Ilimchukua wiki kadhaa, na jibu lilikuwa mbali sana na ukweli.

Ukumbi huo sasa upo, ila waliokaa ndani yake ni mashine. Idara ya hali ya hewa ya Marekani hutumia kompyuta kuu mbili, Dogwood iliyoko Virginia na Cactus iliyoko Arizona, moja ikiwa akiba ya nyingine. Kila moja ni maelfu ya kompyuta zilizounganishwa. Modeli huikata anga katika visanduku, na kila kisanduku kina namba zake za joto, unyevu, upepo na mgandamizo wa hewa. Kompyuta iliyopewa kipande cha bahari karibu na Cuba hukokotoa hali ya muda mfupi ujao, huwapa majirani namba za mpakani, hupokea za kwao, kisha hupiga hatua inayofuata. Upepo haujui mpaka, kwa hiyo jirani mmoja akichelewa, wote wanasubiri.

Gharama hupanda haraka. Ukipunguza upana wa visanduku kwa nusu, idadi yake huwa mara nne, na hatua za muda nazo lazima zifupishwe kwa nusu. Hesabu huongezeka mara nane. Ndiyo maana HAFS, modeli ya vimbunga iliyoanza kazi rasmi Marekani mwaka 2023, huweka visanduku vya kilomita 2 hivi kuzunguka kimbunga chenyewe tu, na eneo hilo husogea kadiri kimbunga kinavyosogea.

Kuna mgawanyo wa pili. Mwaka 1961 mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz wa chuo kikuu cha MIT aliingiza 0.506 kwenye kompyuta badala ya 0.506127, na hali ya hewa aliyoikokotoa ikaishia kuwa tofauti kabisa. Vipimo vya anga havikosi kasoro ndogo kama hiyo. Kwa sababu hiyo ECMWF huendesha tabiri 51 kwa pamoja, kila moja ikianza na tofauti kidogo. Njia zake zikichorwa kwenye ramani, huonekana kama tambi. Zikikaa pamoja, mtabiri hupata uhakika. Zikitawanyika, anajua kwamba mambo bado hayajatulia.

Tabiri hizo hazihitaji kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, na hapo ndipo kompyuta za nyumbani zilipopata nafasi. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Oxford kilizindua climateprediction.net, ambapo watu wa kawaida huazimisha nguvu ya kompyuta zao kuendesha modeli za tabianchi. Njia hiyo haifai kwa onyo la kesho, kwa kuwa kompyuta ya sebuleni huweza kuzimwa wakati wowote. Inafaa kwa maswali yanayohitaji majaribio maelfu, kama vile jinsi joto la dunia linaloongezeka linavyobadilisha uwezekano wa mvua kubwa.

Hata hivyo, hesabu haiwezi kuziba pengo la vipimo. Oktoba 2023, juu ya bahari yenye vipimo vichache, dhoruba iitwayo Otis iliongezeka nguvu ghafla na kuupiga mji wa Acapulco, Mexico, ikiwa kimbunga cha daraja la 5, wakati siku moja kabla watabiri walitarajia dhoruba hafifu zaidi.

Msomaji anayeishi Houston au Miami ataiona kazi hii yote katika mchoro mmoja: koni inayotolewa na Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani. Koni hiyo inaonyesha pale kitovu cha kimbunga kinapoweza kupita, nacho hubaki ndani yake takribani mara mbili katika kila tatu. Haionyeshi mafuriko wala upepo vitafika wapi. Kama nyumba yako iko nje kidogo ya koni, usijihesabu salama: sikiliza maagizo ya kuhama ya eneo lako, na uondoke mapema.