Jinsi Wataalamu Wachunguzavyo Uganga wa Kale wa Uchina

Mwajua ya kuwa habari ikipita vinywa vingi hubadilika njiani. Vitabu navyo ni vivyo hivyo. Zamani, kabla ya kupigwa chapa, kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono. Mwandishi huyu aliongeza neno, yule aliruka mstari. Basi mtu atakaye kujua waganga wa kale wa Uchina walifanya nini, atakiamini kitabu gani?

Njia ya wataalamu ni kulinganisha. Kiko kitabu mashuhuri, Huangdi Neijing, kilichonakiliwa kizazi baada ya kizazi. Humo imeandikwa ya kuwa mwili una njia kubwa 12 zipitazo nguvu za uhai, na ya kuwa mgonjwa hutibiwa kwa kudungwa sindano. Wengi walidhani elimu hiyo ilikuwa kamili tangu mwanzo.

Lakini mwaka 1973, huko Mawangdui, karibu na mji wa Changsha, lilifukuliwa kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Ndani yake mlikuwamo maandiko ya uganga juu ya hariri na vipande vya mianzi, ambayo hakuna mwandishi aliyepata kuyageuza tangu siku ile. Maandiko yaelezayo njia za mwili yalitaja 11 tu. Na tiba yake ilikuwa kuunguza majani makavu juu ya ngozi, wala si sindano. Hivyo wataalamu walitambua ya kuwa elimu ile ilikua kidogo kidogo, kama mti ukuavyo.

Je, kazi hii ina faida gani? Sikilizeni. Bibi Tu Youyou wa Uchina alipokuwa akitafuta dawa ya malaria, alisoma kitabu cha Ge Hong, mtu wa karne ya 4. Kilisema mmea uitwao qinghao ulowekwe majini, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Kuchemsha hakukutajwa. Akawaza: labda moto huiharibu dawa. Alipotumia joto dogo, mwaka 1971, akafaulu. Leo dawa itokanayo na mmea huo, ikichanganywa na nyingine, hutibu malaria hata katika nchi zetu. Naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Lakini angalieni: kitabu kilionyesha njia tu, majaribio ndiyo yaliyothibitisha. Basi, maneno ya wazee tusiyadharau, wala tusiyameze bila kuyatafuna. Tuulize: nani aliyasema, lini, na yametufikiaje?