Bomba Lipasukapo Mtaani

Leo twataka kueleza jambo ambalo wengi wenu mmeliona: bomba la maji hupasuka chini ya njia, maji yakabubujika mchana na usiku, na mafundi wa mji hawaonekani. Katika mtaa wetu mambo yalikuwa hivyo kwa siku 21. Bata walipata kidimbwi, bali mifereji ya nyumba zilizo juu ya kilima ilikauka.

Tulikinga debe la lita 20 penye maji hayo. Likajaa kwa dakika 5. Hesabuni basi: madebe 12 kwa saa, madebe 288 kwa siku, yaani lita 5,760. Na maji ya mjini huenda yametoka mbali. Baadhi ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, mwendo wa kilomita 220 hivi. Ni hasara gani yakimwagika mlangoni!

Kwa nini mafundi hukawia? Kwanza, maji hufuata mtaro wa bomba, yakatokeza mbali na tundu. Fundi hana budi kulitafuta kwa kusikiliza, na usiku ndio wakati mwema, kwa kuwa mji umenyamaza. Pili, lazima afunge koki kubwa ya njia nzima, nayo pengine imeshikwa na kutu. Tatu, kipande kipya sharti kilingane na bomba la zamani.

Lakini kwetu kazi hiyo ilikula siku 2 tu. Je, zile 19 zilikwenda wapi? Tulipofika ofisini, karani alifunua kitabu chake: hapana neno lililoandikwa. Kila mwenye nyumba alidhani jirani yake amekwisha kwenda. Mmoja alimwambia msoma mita njiani, naye hakuufikisha ujumbe. Lawama ni yetu sote.

Tena iko hatari. Maji yafungwapo, nguvu ndani ya bomba hupungua, na uchafu ulio nje huweza kuingia kwa tundu lile lile, ukaleta kipindupindu au homa ya matumbo. Kwa hiyo chemsheni maji ya kunywa mpaka bomba lizibwe na maji yatoke safi.

Basi mwonapo maji njiani, nendeni wenyewe ofisini siku ile ile. Tajeni mahali, hakikisheni karani ameandika, nanyi andikeni tarehe. Wasipofika, rudini mkiwa na tarehe hiyo mkononi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.