Mizani ya Samaki na Bolti za Injini

Bolti nyingi zinazoshika vifuniko vya injini ya bodaboda, iwe Boxer au TVS, zina unene wa milimita 6 tu. Hufunguliwa kwa spana namba 8 au namba 10, na kwa kawaida hutaka mkazo wa nyutoni-mita 10 hivi. Kwa mkono wa fundi aliyezoea nati za magurudumu, huo ni mkazo mdogo mno. Mtu mzima akivuta spana ya sentimita 15 kwa nguvu ya kilo 25, tena bila kutokwa na jasho, amezidisha zaidi ya mara tatu. Akichomeka bomba ili spana irefuke, bolti hukatika shingo au hutoka na hesi za aluminiamu zimeing'ang'ania.

Hesi za injini ndizo huumia kwanza, kwa sababu aluminiamu ni laini kuliko chuma. Kuziponya ni kutoboa tundu upya na kupachika hesi za koili, kazi inayotaka karakana yenye vifaa. Kwa mwendeshaji wa Bongwe, huku pwani ya Kenya, anayelala na alichopata mchana, pikipiki kulazwa kwa fundi ni chakula kupungua nyumbani.

Bolti inapokazwa hurefuka, kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Inataka kurudi urefu wake, kama mpira wa manati uliovutwa, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana gasketi na kuzuia oili isivuje. Ila sehemu kubwa ya nguvu ya mkono, karibu asilimia 90, huliwa na msuguano wa hesi na wa kichwa cha bolti. Ndiyo maana mkono hudanganyika: bolti yenye kutu hukaza mkono mapema ilhali haijabana kitu, na iliyopakwa oili hubana kupita kiasi kwa mvuto uleule.

Tatizo hili halikuanzia gereji za kando ya barabara. Mwaka 1918, Conrad Bahr wa idara ya maji ya jiji la New York alibuni spana ya kupimia mkazo kwa kuwa bolti za mabomba zilikuwa zikikazwa kupita kiasi. Spana ya aina hiyo bado ni ghali kwa fundi mdogo wa Ukunda au Msambweni.

Lakini pwani haikosi mizani ya ndoana. Ile inayopimia samaki kijijini Gazi yaweza kupima mkazo pia, maana nyutoni-mita 10 ni takriban kilo moja ikivutwa mita moja kutoka katikati ya bolti, au kilo 10 zikivutwa sentimita 10. Basi fundi hupima kwa rula sentimita 10 kutoka katikati ya bolti, hufunga uzi imara hapo kwenye spana, hutia ndoana na kuvuta polepole hadi mizani isome 10. Uzi na spana vikae pembe mraba. Ukivuta kimshazari, kipimo ni cha uongo. Bolti ya milimita 8, ambayo mara nyingi hutaka nyutoni-mita 22 hivi, huvutwa kwa kilo 15 kwenye sentimita 15. Kitabu cha pikipiki kikitaja namba nyingine, kifuatwe kitabu.

Kabla ya hapo kuna usafi, na huku pwani usafi ni nusu ya kazi. Hewa ya chumvi hukutanisha chuma na aluminiamu vikalana, tundu likajaa unga mweupe. Hesi zipigwe brashi, zioshwe kwa mafuta ya taa, kisha tundu lipulizwe kwa pampu ya baiskeli hadi likauke. Oili ikibaki ndani ya tundu lisilotokea upande wa pili, haina pa kukimbilia, na bolti ikishuka yaweza kupasua ganda la injini.

Kichwa cha silinda hukazwa injini ikiwa baridi, kwa kuvuka kona kwa kona, na kwa awamu: kwanza theluthi ya mkazo, kisha theluthi mbili, mwisho mkazo kamili. Anayemaliza upande mmoja kwanza hukipinda kichwa, na gasketi huungua. Plagi haihitaji hata mizani. Ikiwa mpya na ina washa yake, huzungushwa kwa vidole hadi ikae, kisha spana huiongeza nusu mzunguko. Ikiwa ilishatumika, mzunguko mdogo sana unatosha, kiasi cha moja ya kumi na mbili.

Kazi ikiisha, fundi apige mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye ganda. Barabara za udongo za Bongwe hutikisa injini kutwa, na mstari ukikatika, mwendeshaji ataiona bolti iliyolegea kabla oili haijaanza kudondoka.