Kazi ya Kutunza Wazee

Kutunza mzee si kumpa uji tu. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hupata vidonda matakoni, nyongani na visiginoni. Vidonda hivyo huweza kumwua. Kwa hiyo mtunzaji humgeuza kila baada ya saa mbili, hata usiku. Hapo ndipo ugumu ulipo. Ngozi ikigeuka rangi, ikawa ya moto au ngumu, usiisugue. Mwite mwuguzi upesi.

Je, ndugu, unaitaka kazi hii? Mwombe mwuguzi wa zahanati akufundishe kumwosha, kumwinua na kumgeuza mgonjwa. Andika katika daftari saa za dawa, za chakula na za kumgeuza. Sasa unajua kuandika. Daftari hilo utamwonyesha mwajiri. Mpatane mshahara na siku za kupumzika kabla hujaanza.