Uhandisi Huanza na Ukweli

Mwezi wa Januari 2014 mafuriko yaliikata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma penye daraja la hapa Dumila, na safari zikasimama. Mvua ni kazi ya Mungu, lakini uimara wa tuta ni hesabu ya mhandisi. Hesabu hiyo ikiwa ya uongo, atakayeumia ni abiria asiyemjua mhandisi huyo.

Sheria ya mwaka 1997 imeipa Bodi ya Usajili wa Wahandisi uwezo wa kumfuta mhandisi mwovu, na wahandisi hula kiapo. Lakini kiapo hakimpi mtu tabia asiyokuwa nayo.

Muhula huu, katika jaribio la pendula, nilipata 9.4, nami nikaandika 9.8 ili nipate alama. Nikazipata, ila sikuwa na raha. Je, nikipima zege la daraja nitaandika nilichokipima, au kinachotakiwa? Nikaenda kumwungamia mwalimu. Alama zilipunguzwa, lakini ile 9.4 ilituonyesha kosa: nilipima uzi peke yake, nikasahau nusu ya unene wa goroli. Uongo wangu ungalilificha.

Wenzangu, samaki mkunje angali mbichi.