Lenzi Pana ya Zamani: Ipi Yafaa kwa Picha za Nchi?

Siku hizi twaona jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Vijana waliozoea kupiga picha kwa simu wanafungua masanduku ya wazee wao, wanatoa kamera za chuma, wanazipangusa vumbi, kisha wanauliza ni wapi waweza kununua filamu. Filamu ingali yatengenezwa: Kodak huitengeneza Rochester katika Marekani, Ilford huko Mobberley katika Uingereza, na Foma katika mji wa Hradec Králové, nchi ya Ucheki. Lakini bei yake si ndogo, na filamu moja ya milimita 35 ina picha 36 tu. Mwenye kamera ya namna hiyo hawezi kubonyeza ovyo kama mwenye simu.

Kijana mmoja wa Kalemie ametuomba shauri. Marehemu mjomba wake alimwachia kamera ya Pentax Spotmatic, aina iliyotoka kwanza mwaka 1964, pamoja na lenzi yake ya milimita 55. Sasa ataka lenzi pana, ya zamani kama kamera yenyewe, apate kupiga picha za ziwa Tanganyika na za nchi ya juu ya Marungu, kwao na baba yake, maadamu wangali hai wazee wanaojua kila kilima kwa jina. Amejiwekea akiba mwaka mzima, na akiba hiyo yatosha lenzi moja, si mbili. Je, anunue ya milimita 20, au 24, au 28, au 35?

Swali lake ni la watu wengi, basi tulijibu kwa utaratibu.

Kwanza tujue hesabu hizo zina maana gani. Picha juu ya filamu ina kimo cha milimita 24 na upana wa milimita 36. Kadiri milimita za lenzi zinavyopungua, ndivyo inavyokusanya nchi kubwa zaidi katika mstatili huo mdogo. Lenzi ya 55 huona kama digrii 36 kutoka kushoto hata kulia. Ya 35 huona 54. Ya 28 huona 65. Ya 24 huona 74. Na ya 20 huona 84, yaani karibu pembe mraba nzima. Kijana akisoma hayo, mara moja moyo wake waikimbilia ile ya 20. Hebu angoje kidogo.

Tuseme mlima umeinuka mita 1,000 juu ya ziwa, nasi tumesimama mbali nao kilomita 20. Kwa lenzi ya milimita 55, mlima huo utakuwa na kimo cha milimita 2.75 katika filamu. Kwa lenzi ya 28 utakuwa na milimita 1.4. Kwa lenzi ya 20 utakuwa na milimita moja tu. Ukiikuza picha mara kumi, ipate kimo cha sentimita 24, mlima wa babu zako utakuwa sentimita moja, na sentimita 23 zilizobaki zitakuwa maji na mawingu. Ndiyo sababu watu wengi hurudi kutoka safari ndefu na picha za kuhuzunisha: walisimama mbele ya milima mikubwa, wakaleta nyumbani picha ya vichuguu.

Basi lenzi pana haikufanywa kwa ajili ya kuingiza kila kitu. Kazi yake hasa ni kukuruhusu usogee karibu. Ukiweka mtumbwi uliopandishwa mchangani hatua moja mbele yako, lenzi pana itauonyesha mtumbwi wote, na kamba zake, na mbao zilizopasuka, kisha nyuma yake ziwa, na mwisho milima kama mstari wa bluu. Mwenye kuitazama picha hujiona amesimama pale pale mchangani. Pasipo kitu cha karibu, lenzi pana ni hasara ya fedha. Tena tuseme wazi jambo ambalo hata wapiga picha wa kazi hulisahau: ukubwa wa vitu vya karibu kulinganishwa na vya mbali hautoki katika lenzi, watoka mahali ulipoiweka miguu yako. Lenzi huamua tu ni kiasi gani cha nchi kitaingia.

Je, mtu aweza kujua ni lenzi ipi imfaayo kabla ya kutoa hata faranga moja? Aweza, tena bila shida. Achukue karatasi ngumu ya boksi, akate ndani yake tundu la sentimita 12 kwa 18. Ailete mbele ya jicho moja na kulifumba la pili. Tundu likiwa mbali na jicho sentimita 27 na nusu, ataona kile kionwacho na lenzi yake ya 55. Likiwa sentimita 17 na nusu, ataona kama lenzi ya 35. Likiwa sentimita 14, ni lenzi ya 28; likiwa 12, ni ya 24; likiwa 10, ni ya 20. Hesabu ni nyepesi: tundu hili ni mara tano ya mstatili wa filamu, basi na umbali ni mara tano ya milimita za lenzi. Aende na karatasi hiyo pwani ya ziwa na mlimani, kwa muda wa majuma mawili, asubuhi na jioni. Aandike katika daftari ni umbali gani uliompendeza mara nyingi. Sisi twaamini kwamba kazi hiyo ya majuma mawili itamsaidia kuliko shauri letu lote.

Sasa tuzitazame lenzi zenyewe. Spotmatic hupokea lenzi zinazokazwa kwa kuzungushwa kama parafujo yenye kipenyo cha milimita 42. Parafujo hiyo ilijulikana tangu mwaka 1949 katika kamera ya Contax S iliyofanywa Dresden, kisha ikafuatwa na viwanda vya Ujerumani ya Mashariki, vya Japani na vya Urusi ya Kisovieti. Kwa hiyo mwenye Spotmatic ana uchaguzi mkubwa sana.

Lakini zipo lenzi nzuri ambazo hawezi kuzitumia, na yafaa ajue sababu. Ndani ya kamera ya namna yake mna kioo kinachoruka juu kila picha inapopigwa, na kioo hicho chahitaji nafasi. Lenzi ya milimita 21 ya umbo la kawaida ingepaswa kukaa karibu sana na filamu, mahali hasa kioo kinapopita. Kamera zisizo na kioo hazina shida hiyo, na kwa ajili yake Ludwig Bertele alibuni Biogon ya milimita 21 iliyotoka mwaka 1954. Vioo vyake vya mbele na vya nyuma karibu vinalingana, na mistari iliyonyoka hubaki imenyoka. Kwa kamera zenye kioo ilihitajika akili nyingine. Mwaka 1950 Mfaransa Pierre Angénieux alitoa lenzi ya milimita 35 aliyoiita Retrofocus: mbele aliweka kioo kikubwa kinachotawanya mwanga, na hivyo lenzi yote iliweza kukaa mbali na filamu kupita milimita zake. Karibu lenzi pana zote za parafujo ni wajukuu wa hiyo. Ndiyo maana zina uso mkubwa, na nyingi zapinda mistari kidogo karibu na kingo za picha.

Kupinda huko si neno dogo kwa mtu wa Kalemie. Mtu wa msituni hataona kitu, kwa maana miti haina mistari minyofu. Lakini ziwa lina mstari mmoja mrefu kutoka kushoto hata kulia, na ukiuweka juu au chini ya picha utapinda kama upinde. Ukiuweka katikati utanyoka. Vilevile kamera ikiinuliwa kutazama mlima au mti mrefu, vitu vyote vitaonekana vinaanguka kinyumenyume. Kwa lenzi ya 20 anguko hilo ni kubwa, kwa ya 35 lavumilika.

Watu wa zamani walihangaika zaidi kuliko sisi. Mwaka 1900 kiwanda cha Goerz huko Berlin kilitoa lenzi iliyoitwa Hypergon, kazi ya Emil von Höegh, yenye vioo viwili tu vyembamba kama maganda. Iliona pana mno, hata katikati ya picha palipata mwanga kupita kiasi na pembeni giza. Dawa yake ilikuwa nyota ndogo ya chuma mbele ya lenzi, iliyozungushwa kwa upepo wa mpira uliobanwa mkononi, ili kuzuia mwanga wa katikati kwa muda!

Turudi sokoni. Lenzi za Takumar za Pentax zilipewa jina la Takuma Kajiwara, mpiga picha na mchoraji, ndugu wa mwanzilishi wa kiwanda. Ipo ya milimita 35 yenye tundu la f/3.5, ndogo na nyepesi. Ipo ya 28, f/3.5; ya 24, f/3.5, na ya 20, f/4.5. Toka Jena twapata Flektogon za 35 na za 20; ile ya 20 yenye f/4 yahitaji kichujio cha milimita 77, ambacho peke yake ni gharama. Toka Urusi ipo Mir-1 ya milimita 37, iliyopata tuzo kuu katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels mwaka 1958, na sifa hiyo imechorwa mbele ya nyingi kati yake.

Mtu asidanganywe na tundu kubwa. Muuzaji atasifu lenzi ya f/2 na kuipandisha bei. Lakini nchi haikimbii. Juani, kwa filamu ya ISO 100, utatumia f/11 na sehemu ya 250 ya sekunde, na lenzi nyingi za zamani ni kali zaidi kati ya f/8 na f/11. Kwa nini basi ulipie f/2? Tena katika f/11 lenzi ya 28, ikilenga umbali wa mita 2.4, huonyesha wazi kila kitu tangu mita 1.2 hata mwisho wa macho. Ile ya 55 haiwezi hivyo.

Kwa sababu hizo, sisi twamshauri kijana wetu anunue ya milimita 28, f/3.5. Ya 35 ni nzuri na rahisi, lakini haijaachana sana na 55 yake. Ya 20 ni bwana mkali: yadai kitu cha karibu katika kila picha, na kamera inyooke sawasawa kila mara. Mwenye lenzi mbili tu hana nafasi ya kumtumikia bwana huyo. Ila ikiwa karatasi yake yenye tundu imemwambia mara nyingi sentimita 12, na aifuate karatasi, anunue ya 24.

Adui mkubwa hajatajwa bado. Katika nchi zetu zenye unyevu, kuvu huota ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui. Kuvu ikikaa muda mrefu hula ule utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo, uvumbuzi wa Alexander Smakula wa mwaka 1935, hata kioo chenyewe, na hakuna fundi awezaye kukirudisha. Kwa hiyo kabla ya kununua, fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma, tazama kwa upande. Vumbi kidogo si kitu. Nyuzi, au ukungu mweupe, kataa. Zungusha pete ya kulenga: iende laini bila kukwama. Bonyeza kipini kidogo cha nyuma: mabamba ya tundu yafunge mara moja, yakienda polepole yana mafuta, ugonjwa ujulikanao sana katika Flektogon za umri huo. Ukinunua kwa simu kutoka mbali, omba picha iliyomulikwa hivyo, na muda wa kuirudisha.

Ikisha kufika, usiifungie katika mfuko wake wa ngozi, kwa maana ngozi hushika unyevu na kuvu huipenda. Iweke katika kopo la kufungika vizuri pamoja na chembe za silika za kunyonya maji, na chembe hizo zikaushwe kwa moto mdogo kila zinapolowa.

Filamu ya kwanza isiwe ya milima. Simamisha kamera juu ya miguu mitatu mbele ya ukuta wa matofali, ilingane nao sawasawa, upige picha katika f/3.5, f/5.6, f/8, f/11 na f/16, ukiandika kila moja. Kisha tazama pembe zote nne kwa kioo cha kukuza. Zikiwa hafifu zote katika f/3.5 na kusafika katika f/8, lenzi ni nzima. Pembe moja ikibaki hafifu hata katika f/11 na tatu nyingine ni safi, vioo vimekaa upande, na lenzi hiyo irudishwe kwa aliyeiuza kabla muda wa mapatano haujapita.