Umefanya Ile Kazi?

Ukiambiwa kwamba jirani yako "ana mawazo", hujaambiwa kwamba ni mtu mwenye fikra pevu. Umeambiwa kwamba halali, chakula hakimpiti kooni, na akiitwa huitika mara ya tatu. Mawazo kila mtu anayo, ila Kiswahili kimelitenga neno hilo kwa yule ambaye yamemzidi nguvu. Naipenda kauli hiyo kwa sababu ya kazi yangu. Ninapotaka kumweleza mtu tiba ya fikra na tabia, lugha inakuwa imekwisha kunifanyia nusu ya maelezo.

Tiba hiyo ilipata umbo miaka ya 1960 huko Philadelphia, Marekani, mikononi mwa daktari wa akili Aaron Beck, aliyefariki mwaka 2021 akiwa na miaka 100. Beck alikuwa amefundishwa kuitafuta asili ya sonona katika mambo ya utotoni yaliyozama chini kabisa ya nafsi. Alipowasikiliza wagonjwa wake akakuta kitu kinachoelea juu juu: visentensi vifupi vinavyopita kichwani kwa kasi, ambavyo mgonjwa havitamki lakini anaviamini kama taarifa ya habari ya redioni. Sifai. Wananicheka. Hata nikijaribu ni bure.

Wengi wakisikia hivyo hudhani tiba ni kuambiwa "acha kuwaza" au "fikiria mazuri". Hayo shemeji na majirani wameshamwambia bila malipo, na hakupona.

Chukua mkulima wa kubuni, nimwite Masanja, mwenye ekari sita za pamba Itilima, mkoani Simiyu. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba Tanzania, na pamba hulipa mara moja kwa mwaka: unapanda mvua za Novemba na Desemba, unapalilia, unapulizia dawa, kisha unangoja msimu wa ununuzi ufunguliwe Mei ndipo uone shilingi. Mwaka huu mvua zilikatika mapema. Mzigo aliopeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, haukufika nusu ya alioutarajia, na deni la pembejeo liko palepale. Asubuhi moja rafiki yake anapita na baiskeli bila kumsalimu. Kichwani kinapita kisentensi: "Hata huyu ananidharau, wote wanajua nimeshindwa." Kifua kinakuwa kizito. Anarudi ndani kulala, na jioni haendi kwenye mkutano wa kikundi. Akiwa peke yake gizani anapata nafasi ya kuwaza zaidi. Wanakikundi nao, kwa kuwa hawakumwona, wiki inayofuata hawampitii. Masanja anajiambia: "Si nilisema?"

Angalia jinsi jambo lilivyozunguka. Fikra ilizaa uzito wa kifua, uzito ukamlaza kitandani, kulala kukawaondoa watu, na kuondoka kwa watu kukageuka ushahidi wa ile fikra ya kwanza. Gurudumu la namna hiyo linaweza kusimamishwa popote, lakini si kila mahali pana mpini.

Wiki za mwanzo fikra za Masanja sizigusi. Nashika upande wa matendo, kwa sababu tendo lina saa na mahali, unaweza kulipangia ratiba. Tunakubaliana: Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, awapeleke ng'ombe lamboni yeye mwenyewe badala ya kumtuma mtoto, na njiani asalimiane na watu wawili. Akirudi ajipime moyo wake, kutoka 0 hadi 10, na aandike. Asiyejua kuandika anaweza kuweka punje za mahindi kwenye kikopo, moja kwa kila kazi aliyoifanya. Mtu mwenye sonona husubiri hamu irudi ndipo afanye. Sisi tunafanya kwanza, na hamu huja nyuma kama ndama, tena siku nyingine haiji. Baadaye tunaongeza yale aliyoyaacha. Kama alikuwa mchezaji wa ngoma, basi msimu wa mashindano ya Wagika na Wagalu, makundi pinzani ya ngoma ya Wasukuma, baada ya mavuno ni sehemu ya dawa. Si lazima acheze, aende kusimama pembeni kwa nusu saa.

Wiki ijayo swali langu la kwanza ni moja tu: umefanya ile kazi? Kukaa nami ni saa moja, na wiki ina saa 168. Anayepona huponea katika zile 167.

Fikra zinafuata baadaye, na hapa Usukumani tuna sababu yetu wenyewe ya kuzichunguza kwa makini. Kwa miongo mingi vikongwe wameuawa kanda hii kwa kutuhumiwa uchawi, na "ushahidi" mmojawapo ulikuwa macho mekundu. Mama aliyepika miaka hamsini katika jiko lenye moshi wa kuni, mabua na samadi kavu, macho yake yatakuwaje? Waliomtazama waliona jambo la kweli kabisa, wekundu, wakalirukia jibu bila kuuliza swali la pili. Fikra ya Masanja kuhusu yule rafiki wa baiskeli imejengwa kwa tofali hilohilo. Kutosalimiwa ni kweli. Dharau ni tafsiri. Basi tunakaa kama wazee wa baraza: ni nini kinachounga mkono tafsiri hii, ni nini kinachoipinga, na nini kingine kingeweza kumfanya mtu apite bila kusalimu? Labda mtoto wake alikuwa zahanati. Kisha, badala ya kubishana, Masanja anatumwa kwenda kumuuliza.

Sijawahi kuona faida ya mtaalamu kugombana na mgonjwa kama uchawi upo au haupo. Atakayeanza hivyo atapoteza mgonjwa kabla chai haijapoa. Kuuliza "wiki ile ni nini kingine kilitokea?" kunatosha kufungua mlango.

Ila kuna kosa ambalo wataalamu wa vitabuni hulifanya mashambani, nalo ni kuichukulia kila shida kama fikra potofu. Deni la pembejeo si fikra potofu. Hapo tunaiweka fikra pembeni na kupanga: nani anadai, kiasi gani, nani wa kuzungumza naye kwanza. Shirika la Afya Duniani limetengeneza mpango mfupi wa vikao vitano unaoshikamana na mambo hayo: kutatua tatizo, kuamsha matendo, kutuliza mwili kwa pumzi, kuimarisha watu wa kukusaidia. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya kuujaribu pembezoni mwa Nairobi kwa wanawake 421, wengi wao walionyanyaswa kijinsia. Waliouendesha hawakuwa madaktari bali wahudumu wa afya wa mitaani waliofundishwa na kusimamiwa, na wanawake waliopitia vikao walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida.

Hapa Tanzania mfano wa karibu ni Moshi. Watoto 640 waliofiwa na wazazi, wa miaka 7 hadi 13, walishirikishwa huko na Bungoma, Kenya, katika jaribio la tiba ya fikra na tabia iliyoelekezwa kwenye majeraha ya msiba, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Walikaa kwa vikundi, walezi wao wakihudhuria pia, na washauri walikuwa watu wa kawaida wasio na shahada ya saikolojia. Vikao vilipokwisha, katika maeneo matatu kati ya manne, ya mjini na ya vijijini kila upande, waliopata tiba walikuwa mbele. Lakini mwaka mmoja baadaye Bungoma tofauti ilibaki, ilhali Moshi watoto wa pande zote mbili walikuwa wamefika karibu mahali pamoja. Naitaja sehemu hii ya pili kwa makusudi, maana wauzaji wa tiba huiacha. Tiba iliyofaulu mahali pamoja haihamishwi kama gunia. Tena waliopewa huduma za kawaida tu Moshi nao walipata nafuu.

Sasa tuje kwenye tiba kwa njia ya simu. Simiyu ina wilaya tano, Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.1. Mtu wa Meatu anayehitaji vikao kumi vya kila wiki na bingwa aliyeko hospitali ya Bugando atasafiri hadi Bariadi, ateremke Lamadi, afuate barabara ya ziwa mpaka Mwanza, na arudi, mara kumi. Hakuna atakayefanya hivyo msimu wa palizi. Halafu kuna aibu. Kwa wengi afya ya akili maana yake ni Mirembe, hospitali ya Dodoma ya tangu enzi ya Mwingereza ambayo jina lake limekuwa tusi la vijiweni. Simu haipiti mbele ya kijiwe.

Kinachofanyika katika tiba kwa njia ya intaneti ni kwamba masomo yaleyale, gurudumu, ratiba, uchunguzi wa fikra, huwekwa kwenye programu na mtu huyasoma kwa zamu nyumbani. Uswidi na Australia wameifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Ushahidi unasema inafanya kazi, kwa sharti moja ambalo matangazo huliandika kwa herufi ndogo. Mwaka 2015 Waingereza walitoa matokeo ya wagonjwa 691 wa sonona waliotoka kwa madaktari wa kawaida. Baadhi walipewa mojawapo ya programu mbili maarufu za kompyuta, na mwishoni hawakuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya daktari peke yake. Wengi waliishia somo la kwanza au la pili. Programu hazikuwa mbaya. Hakukuwa na msaada wa kutosha wa mtu nyuma yake. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2021, uliokusanya majaribio 39, ulikuta kwamba mwenye dalili nyepesi anaweza kujisomea mwenyewe na akafaidika karibu sawa na mwenye msaidizi, lakini dalili zikiwa nzito, msaidizi ndiye anayeleta tofauti. Msaidizi huyo mara nyingi hafanyi makubwa. Anaandika ujumbe mara moja kwa wiki: umefanya ile kazi?

Ndiyo maana sishtuki nikiambiwa kwamba wengi vijijini wana kiswaswadu tu, simu ya vitufe, na bando ni ghali. Sauti inatosha. Huko Chicago watu 325 wenye sonona walitibiwa, nusu ana kwa ana na nusu kwa kupigiwa simu ya kawaida, na matokeo yakatoka mwaka 2012. Wa simu waliacha tiba kwa uchache zaidi, na vikao vilipokwisha pande zote zilikuwa zimepata nafuu inayolingana. Miezi sita baadaye wa ana kwa ana walikuwa mbele kidogo. Kwa mwanamke wa Maswa mwenye mtoto mgongoni na bila nauli, hayo ni matokeo mazuri sana, mradi anayempigia azungumze Kisukuma. Bibi wa Meatu anaweza kujibu "nzuri" kwa Kiswahili siku nzima na usijue lolote.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga watu 137,294 kwa miaka mitano. Ningepewa fedha za mradi wa Simiyu nisingenunua programu. Ningemlipa mtaalamu mmoja akae Bariadi, awafundishe wahudumu wachache vikao vile vitano, na kila wiki awasikilize wakisimulia walipokwama. Bila usimamizi huo, mhudumu atarudi kwenye "acha kuwaza" kabla ya mwezi kuisha, na sitamlaumu.

Yapo ambayo simu haiyawezi. Mwenye kusikia sauti zisizokuwepo, au anayepaa kwa furaha na kutolala siku nne, anahitaji daktari na dawa kwanza. Mama aliyejifungua karibuni akaanza kutomtambua mtoto wake apelekwe hospitali leo. Mwenye kusema hataki kuishi asiachwe peke yake na asikabidhiwe programu: aende kituo cha afya akiwa na mtu, na njiani wapige 199, simu ya bure ya Wizara ya Afya. Uchovu na kukosa usingizi pia vinaweza kuwa upungufu wa damu, kwa hiyo vipimo hutangulia. Na moyo unaokwenda mbio ghafla, ambao watu huuita presha, uchunguzwe kwanza. Daktari akithibitisha kwamba moyo ni mzima, ndipo tunamwambia mtu arukeruke mahali pamoja kwa dakika moja, asikie mapigo yaleyale na aone kwamba hafi. Kazi hiyo sipendi kuifanya kwa simu mara ya kwanza.

Kisha faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na programu isiyosema inapeleka wapi unachoiambia usiifungulie moyo. Kijijini, hata hivyo, tishio liko karibu zaidi: simu ni moja, ya mume au ya kaka mkubwa, na huchajiwa dukani. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa, kabla ya ratiba na punje za mahindi, ni kupatana neno la siri. Akipokea mtu mwingine, mshauri anauliza bei ya dengu, anajibiwa, anashukuru, anakata. Atapiga tena Alhamisi, saa ya lamboni.